Kujaza uwanja wa mtaa bila fungu la matangazo

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kuandaa jambo la mtaa, swali la kwanza huwa ni bango. Lichapishwe wapi, liwe la rangi ngapi, nani alidhamini. La pili ni spika. Swali la nani hasa atakuja, na kwa nini aache nguo zake za kufua au mechi yake ya jioni aje kwenu, mara nyingi kikao hufungwa halijaulizwa.

Mimi ni mmoja wa kundi la wakazi wa Ngamiani, hapa Tanga, tunaoandaa siku ya michezo ya mtaa kila mwaka. Watoto hucheza rede, mdako na kombolela, huruka kamba na kuendesha ringi. Wakubwa hushindana kukuna nazi. Wazee wana bao lao chini ya mti. Halafu, kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli, kuna mbio za polepole ambazo mshindi ni yule anayefika wa mwisho bila kukanyaga chini. Kiingilio hakuna. Anayelipwa hakuna. Fungu la matangazo halijawahi kuwepo, na fedha kidogo tunayochangishana huenda kwenye kamba, mipira na maji ya kunywa.

Uwanja hujaa. Naandika kwa sababu natamani na viwanja vingine vijae, na kwa sababu ushauri mwingi ninaokutana nao umeandikwa kwa ajili ya watu wenye fedha za kupoteza.

Bure ya nani?

Wengi hudhani kutangaza ni kuwafanya watu wajue. Mtaani kwetu habari haijawahi kupata shida ya kusafiri. Ukipika pilau siku isiyo na sherehe, kabla ya Magharibi barabara ya tatu kutoka kwako wanauliza kuna nini. Kinachopungua ni imani. Tamka neno bure, mtu mzima ataanza kukuchunguza. Ameshahudhuria semina ya bure iliyoishia kuuziwa vidonge vya lishe. Ameshajiandikisha bure mahali akaanza kupigiwa simu asizozielewa. Anajiuliza: hawa wataanza na michezo wamalizie na mahubiri? Au kuna mtu anautaka udiwani?

Hili la mwisho si dogo. Watanzania walipiga kura za serikali za mitaa Novemba 2024, wakapiga tena za uchaguzi mkuu Oktoba 2025, na katika misimu ya namna hiyo mkusanyiko wowote wenye viti na spika husomwa kama wa chama. Hata rangi husema. Kijani na njano zina wenyewe, bluu na nyekundu zina wenyewe, zambarau nayo ina wenyewe. Ndiyo maana karatasi zetu ni nyeupe na maandishi ni meusi, na fulana za kufanana hatuvai, hata mtu akijitolea kuzichapisha.

Kwa hiyo tangazo letu la kwanza kabisa ni barua. Inakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji, kwa mwalimu mkuu wa shule yenye kiwanja, na kituo cha polisi. Sheria ya polisi inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara atoe taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Sisi hatusubiri kubishana kama kombolela ni mkutano wa hadhara. Tunapeleka taarifa wiki kadhaa mapema na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ndani ya barua yameandikwa majina ya waandaaji, na kando ya kila jina barabara anayokaa.

Barua ile ikirudi na muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi ya mwenyekiti, tunaipiga picha, na picha hiyo ndiyo inayotangulia kwenye makundi ya simu kabla ya kitu kingine chochote. Haina uzuri. Ni karatasi yenye muhuri uliopinda. Lakini mama anayesita huisoma, akaliona jina la mtu anayemfahamu, akajua kwamba jambo likiharibika anajua mlango wa kugonga. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya vyote tunavyofanya, nitachagua barua hiyo.

Mwenye kazi huja na watu wake

Barabara za Ngamiani zina namba, na kwa mwandaaji hiyo ni neema. Hatuhitaji kubuni timu. Timu zipo tangu mji ulipopimwa. Kila barabara inayotaka kushiriki inateua nahodha wake, na nahodha anaambiwa alete: watoto wa rede, mkunaji mmoja wa nazi mwenye mkono mwepesi, mwendesha baiskeli mwenye subira, na mzee mmoja wa bao anayejua hatua zote mbili za mchezo, namu na mtaji, sawasawa.

Sasa mtazame nahodha huyo anavyofanya kazi. Ili apate watoto, lazima apige hodi na kuzungumza na mama zao. Ili apate mkunaji, lazima aulize uani, na hapo yanazuka mabishano ya nani ana mkono mwepesi kuliko nani, kila mmoja na mgombea wake. Ili apate mzee wa bao, lazima akae barazani anywe kahawa mpaka wazee wenyewe wakubaliane. Akimaliza kuunda timu, ameshapita karibu nyumba zote za barabara yake, na hakuna aliyemwona kama mtu wa matangazo. Amekuja kuomba kitu. Mtu aliyeombwa mtoto wake, mbuzi yake ya kukunia au baba yake wa bao, siku ikifika haulizi kama aende au asiende.

Mwambao unaujua ushindani wa namna hii kwa muda mrefu. Ngoma za beni zilijaza viwanja kwa sababu makundi yake mawili pinzani, Marini na Arinoti, hayakukubali kuzidiwa, na hapa Tanga wazee bado wanakumbuka namna vilabu vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilivyougawa mji kwa mapenzi. Shabiki hakuhitaji kushawishiwa aende ukumbini. Aliona wivu kama upande wa pili ungejaza zaidi.

Harusi zetu nazo zilikuwa na waalishi, akina mama waliopita nyumba hadi nyumba kualika kwa mdomo kwa niaba ya wenye shughuli. Kadi zimekuja baadaye. Tumeuchukua utaratibu huo kama ulivyo: wiki ya mwisho, kila barabara ina waalishi wawili, kijana mmoja na mtu mzima mmoja. Kijana peke yake hasikilizwi na wakubwa wa nyumba, na mtu mzima peke yake hukaa sana nyumba ya kwanza. Wakiwa wawili, mmoja anasalimia na kuulizana hali, mwingine anataja siku na saa, na wanaondoka kabla chai haijachemka.

Vifaa navyo tunaviazima vikiwa vimetawanyika kwa makusudi. Kuna mfadhili aliwahi kuahidi mikeka yote, mbuzi zote za nazi na ndoo zote kutoka ghala moja. Tulimshukuru, tukamwomba atusaidie maji ya kunywa. Mikeka iliyotoka nyumba nyingi ina wenyewe wengi, na wenyewe huja kuiangalia.

Ugumu wa kujitolea nao upo, nisiufiche. Warsha na semina zimewazoesha watu posho, na kijana akiitwa kikaoni swali lake la nauli ni la haki kabisa, maana kweli ametoka mbali na hana kazi. Tunasema mapema: posho hakuna, chakula kipo, na kazi yako ni hii, inaanza saa fulani na kwisha saa fulani. “Shika kamba ya mbio kuanzia saa 3 hadi saa 5” hupata mtu siku hiyo hiyo. “Njoo utusaidie” hupata kichwa kinachoitikia.

Tarehe

Kuna watu wanahangaika kutangaza siku ambayo haiwezi kutangazika. Machi hadi Mei ni masika. Shaabani imejaa harusi, kila mtu anataka kumaliza kabla ya Ramadhani. Septemba darasa la saba wana mtihani wao. Mwisho wa mwaka kuna vuli, mitihani na safari za kwenda kwa babu. Weka shughuli siku ya Simba na Yanga, au jioni Coastal Union wanapocheza Mkwakwani, halafu uje uniambie kwamba watu wa siku hizi hawana umoja.

Sisi tulikaa kwenye Nane Nane, na nikieleza kwa nini utaona kwamba tarehe nayo ni tangazo. Ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo hakuna atakayeuliza ni lini. Tarehe iko kwenye jina. Agosti kuna ukavu na kaubaridi kanakofaa watoto kukimbia. Maonyesho makubwa ya wakulima ya kanda yetu ya mashariki hufanyika Morogoro, kwa hiyo Tanga watu wako nyumbani na hawana pa kwenda. Na kwa kuwa shule hazijafungwa, asubuhi ya siku ya shule inayotangulia watoto wako mstarini. Mwalimu mkuu akisema maneno machache tu pale mstarini, mia kadhaa ya watoto wanarudi nyumbani na ujumbe mmoja, na watausema mpaka mama achoke. Sijui chombo chochote cha habari chenye nguvu hiyo.

Ikiangukia Ijumaa tunasimama mapema kwa ajili ya swala. Mwaka 2027, kwa hesabu ya mwezi inavyokwenda, Nane Nane itaangukia ndani ya Mfungo Sita, na maulidi yatakuwa kila kona. Tumeshaanza kuzungumza na walimu wa madrasa kuona kama tutahama, au tutaweka michezo asubuhi na kuwaachia jioni yao. Kuzungumza nao mapema namna hiyo kumetusaidia hata miaka mingine. Saa za madrasa tunaziheshimu, ndiyo maana mwalimu anawaambia watoto waje.

Pale watu wanapokaa tayari

Karatasi za kubandika hatuchapi nyingi. Kopo moja la rangi nyeusi na mabango ya plastiki yaliyokwisha kazi vinatosha: ukiligeuza bango la mkutano uliopita, nyuma ni jeupe, na mchoraji wa mtaani anajua la kufanya. Tunatundika mawili tu, moja getini kwa shule, jingine njia panda ya sokoni.

Kilichobaki tunakipeleka mahali ambapo watu wamekaa tayari na wamezoea kusoma au kusikiliza. Mabanda ya kuonyeshea mpira yana ubao nje ulioandikwa kwa chaki mechi za siku. Tunamwomba mwenye banda mstari mmoja chini ya ratiba. Vijana ambao hawasomi karatasi yoyote ukutani husoma ubao ule kila siku, kwa makini, na wakirudi kesho wanausoma tena.

Muuza kahawa anayezunguka na dele lake huongea na watu wengi kwa jioni moja kuliko sisi kwa wiki. Hatumpi vipeperushi, mikono yake imejaa. Tunampa habari yenye mjadala ndani yake: mwaka huu barabara fulani wamemtoa bingwa wa bao aliyestaafu. Basi. Baraza litafanya lililobaki.

Vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni hazina ambayo waandaaji wengi, hasa wanaume, huipita. Akina mama wanakutana kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mwisho wa kikao kuna nafasi ya mengineyo. Tunaomba dakika mbili za mengineyo. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nazo ni hivyo hivyo, nyumba chache zinazokutana kusali na kuambizana habari. Matangazo ya kanisani baada ya misa yanafaa, lakini ni marefu, na yako litakuwa la tisa kati ya matangazo ya ndoa na ya ujenzi. Katika jumuiya litasikika. Ukiandika la kanisani, andika sentensi tatu kwa herufi kubwa, maana katibu ataisoma kama ilivyo, na sentensi ya nne ataikata mwenyewe.

Msikitini tuna adabu yetu. Vipaza sauti vya msikiti ni vya adhana na vya taarifa za msiba, na sisi hatuvigusi. Tunakaa barazani baada ya swala, tunasalimiana, tunasema.

Kwenye simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu simu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaamini ni ya bure, na ndiyo inayopoteza habari nyingi.

Ujumbe ukiondoka mkononi mwako haurudi, na unakokwenda hukatwa. Picha husambazwa bila maneno yaliyoandikwa chini yake. Maneno hunakiliwa bila picha. Kwa hiyo kila kipande lazima kijitosheleze: siku, tarehe, mwaka, saa, kiwanja, kwamba hakuna kiingilio, na ni akina nani wanaoandaa. Mwaka ni muhimu kuliko unavyodhani. Picha ya mwaka juzi huibuka kila mara, mtu mwema akaisambaza tena, na watu wakaenda uwanjani siku ambayo siyo. “Jumamosi hii” ni maneno yaliyokufa siku ile ile yalipotumwa.

Halafu kuna saa. Vijana hutengeneza picha kwa programu za simu zenye violezo vya kigeni, na violezo vinaandika 3:00. Bibi anasoma saa tatu asubuhi, kama akili inavyotaka. Mjukuu alimaanisha saa tisa alasiri. Tunaandika kwa saa zetu na tunataja wakati wa siku: saa 3 asubuhi hadi Adhuhuri, kisha baada ya Alasiri hadi jua kuzama. Kwa watu wetu swala ni saa iliyo sahihi kuliko tarakimu yoyote.

Video nzuri ya dakika tatu ni mzigo. Watu wananunua bando la siku, na wanalipima. Picha moja nyepesi hufunguka kwenye simu ya zamani na kwenye mtandao dhaifu. Kilichotushangaza ni sauti. Bibi mmoja wa mtaa, bingwa wa mdako wa enzi zake, alirekodi ujumbe usiozidi dakika moja. Aliwaita wajukuu wa barabara zote, akasema mkono wake bado unadaka, akauliza nani atathubutu kukaa naye chini. Sauti ile ilizunguka makundi ya kikoba, ya familia, ya wazazi wa darasa, ikafika mpaka kwa watoto wa Ngamiani walioko Muscat na Dubai, nao wakawapigia mama zao kuuliza kama wataenda. Asiyejua kusoma aliisikia. Anayeshona aliisikia huku anashona. Na kila aliyeisikia aliijua sauti.

Jambo moja la watoto. Picha za mwaka huu ni tangazo la mwaka ujao, na ni rahisi kuwapiga watoto picha hovyo na kuzitupa mtandaoni. Tunawauliza wazazi kwanza, pale pale uwanjani, na asiyetaka, mtoto wake hafungwi kitambaa cha mkononi kinachoonyesha ruhusa ya kupigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtoto wa mwenzio ni amana.

Redio haitaki tangazo lako

Ukienda redioni kuomba utangaziwe bure, utapewa orodha ya bei, na ni haki yao, wanaishi kwa hilo. Usiombe tangazo. Peleka kipindi. Mtangazaji wa asubuhi ana saa nyingi za kujaza na anatafuta kitu kitakachowafanya wasikilizaji wapige simu.

Sisi tulipeleka mjadala wa sheria za rede. Unajua kwamba kila mtaa una sheria zake? Wapo wanaojaza chupa mchanga, wapo wanaopanga vifuu. Wapo wanaosema ukidaka mpira umemfufua mwenzio, wapo wanaosema huo ni uzushi. Tulikwenda na mama mmoja na mabinti wawili, wakaanza kubishana hewani, na simu hazikukatika mpaka taarifa ya habari. Mtangazaji mwenyewe ndiye aliyeuliza: lini, wapi? Alitaja siku na kiwanja mara nyingi kuliko ambavyo tungeweza kulipia.

Na msiwasahau wasalimiaji. Tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kuna watu wanaotuma salamu redioni kila siku, wanajuana kwa majina ya hewani, wana vikundi na viongozi. Kwa wasiowafuatilia ni majina yanayopita tu. Kwa wasikilizaji wao ni jamaa. Msalimiaji mmoja wa Tanga akiwasalimu wenzake na kuwaambia mkutano wa mwaka huu ni uwanjani kwetu Nane Nane, wanakuja kutoka Muheza na Pangani kuonana nyuso.

Kwa nini hatuna mgeni rasmi

Hili limetuletea maneno, na bado nalitetea. Shughuli nyingi za mtaa hujengwa kuzunguka mgeni rasmi. Yeye huchelewa kwa sababu ana shughuli nyingine, watoto hukaa juani wakimsubiri, halafu zinakuja risala, utambulisho wa meza kuu, na nasaha. Mtoto akipitia hayo mara moja, mwaka unaofuata humwoni. Kwetu viongozi wanaalikwa, wanakaribishwa kwa heshima zote, mwenyekiti wa mtaa anapuliza filimbi ya kwanza. Hotuba hakuna.

Tunaanza saa iliyoandikwa. Mwaka wa kwanza saa 3 asubuhi ilipofika uwanjani walikuwepo watoto wachache mno, na tukaanza hivyo hivyo na hao wachache. Waliofika saa 4 walikuta fainali ya ringi imekwisha, wakalalamika sana. Malalamiko yale yalizunguka mtaa mzima, na tangu hapo watu huja mapema. Kuanza kwa wakati hakuna gharama, na katika nchi hii bado ni habari.

Baada ya siku, hesabu inabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: nani alichanga nini, kilinunuliwa nini, kimebaki nini. Ni karatasi moja. Watu huisoma kuliko mabango yote, na hapo ndipo wanapoamua kama mwakani watatoa ndoo yao tena.

Makopo getini

Kwa muda tulibishana wenyewe kwa wenyewe ni kipi kinacholeta watu. Vijana walisema simu, mimi nilisema waalishi, mwingine redio. Tukaweka makopo getini, kila moja na neno lake: redio, simu, shule, msikiti au kanisa, bango, mtu alinifuata. Kila mtu mzima anayeingia anapewa komwe moja ya bao aitie alikosikia. Watoto waligombania kusimamia makopo hayo, na hakuna aliyekataa kujibu, maana ni mchezo.

Kopo la bango lilibaki karibu tupu. La redio lilikuwa na komwe za watu wa mbali. La simu lilikuwa na nyingi, lakini ukiwauliza zaidi wanasema walituma au walitumiwa na shemeji, na shoga, na mtu wa kikoba. Kopo la mtu alinifuata lilijaa, tukaleta jingine. Vijana wetu wa simu hawakukasirika; waliacha kushindania picha nzuri na kuanza kujipangia kila mmoja watu wake wa kuwaandikia kwa jina.

Makopo hayo yametuonyesha kitu kingine pia, na ndicho kinachotusumbua sasa. Yanahesabu waliofika tu. Mtandao huu wote wa jirani kumwambia jirani huwafikia wenye jirani, wenye kikoba, wenye shule, wenye simu. Binti wa kazi aliyeletwa kutoka Lushoto hana kikoba hapa mjini, na Nane Nane kwake ni siku ya kazi nyingi kwa sababu watu wote wako nyumbani. Mtoto anayeuza karanga na mayai hupita nje ya uwanja na sinia kichwani, anatazama, anaendelea. Mtoto mwenye ulemavu anafichwa ndani, na mwalishi akipiga hodi anaambiwa watoto wa nyumba hii ni watatu.

Kwa hao hakuna tangazo linalofaa. Kuna kwenda. Tumeanza na mabinti wa kazi: mama mmoja wa kikoba, mtu mzima anayeheshimika, anakwenda kwa mwenye nyumba na kumwomba binti kuanzia baada ya Alasiri, akimhakikishia kwamba atamrudisha mwenyewe. Wengine wanakubali, wengine wanasema wataona. Kwa watoto wa biashara tumeweka meza getini na mtu wa kulinda masinia, na tunawaambia waandaaji wote wanunue chakula chao cha saa 4 kwenye masinia hayo, ili mtoto asirudi nyumbani na bidhaa na kipigo. Kwa watoto waliofichwa bado tunajifunza. Mwaka jana tuliweka mashindano ya bao na mdako mahali ambapo kiti cha magurudumu kinafika bila kubebwa, tukawaomba wazazi wawili wenye watoto wa namna hiyo wawe wasimamizi, na hao ndio wanaojua nyumba za kupiga hodi. Mwaka huu wamesema wataanza mapema, Juni, kwa sababu mlango wa namna hiyo haufunguki kwa hodi ya kwanza.